Waokoaji wa Nchi Yetu, wa Kujitolea na wa Kuajiriwa: Habari za Historia

Katika kijitabu hiki cha kila mwaka wanachama wamezoea kukuta hesabu za chama, majina ya waliofariki, na maelezo ya misaada waliyopewa wagonjwa na wafiwa. Mwaka huu kamati imeona vema kuongeza kurasa chache za historia, nazo ni habari za watu ambao kazi yao ni kuwahi: wazimamoto, watu wa magari ya wagonjwa, wapiga mbizi, marubani, na hasa wale wasio na mshahara wala sare, ambao husikia yowe wakaacha walichoshika. Jambo hili si geni kwetu. Vyama kama hiki vilizaliwa na haja iyo hiyo. Mtu aliyetoka kwao akaja kufanya kazi mjini, akiugua ghafula, hakuwa na mjomba wa kumbeba wala shangazi wa kumkalia. Hivyo watu wa kwao wakakusanya senti ili mgonjwa afikishwe hospitali na maiti arudishwe nyumbani. Hawakuiita kazi hiyo uokoaji, lakini ndiyo.

Neno la dharura lataka maelezo kidogo, kwa ajili ya wazee wetu. Kwao dharura ya serikali ni ile Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, ambayo haikuondolewa mpaka mwaka 1960, na aliyekuja mbio usiku wakati huo hakuwa akija kuokoa mtu. Katika kurasa hizi dharura ni moto, ni ajali, ni mafuriko, ni mama aliyeshikwa na uchungu mbali na barabara.

Zamani, kabla ya simu na kengele, chombo cha kuitia msaada kilikuwa koo la mtu. Waluo walipiga nduru, Wakikuyu walipiga mbu, na Waswahili wa pwani walipiga ukemi. Lugha zilikuwa mbalimbali lakini sheria ilikuwa moja, kwamba asikiaye hana ruhusa ya kukaa. Nyumba ikishika moto, mtoto akitumbukia kisimani, chui akiingia zizini, wanaume waliacha majembe na wanawake walikuja na mitungi ya maji. Mgonjwa wa mbali alichukuliwa kwa machela, mabega yakipokezana. Utaratibu huo ulikuwa na sifa moja kubwa ambayo hakuna serikali iliyopata kuishinda, nayo ni upesi, maana mwokoaji alikuwa jirani. Tena ulikuwa na upungufu mmoja mkubwa, kwamba aliyefika hakujua zaidi ya yule aliyeita. Mtu aliyevunjika shingo aliinuliwa kama gunia la mahindi, kwa mapenzi mema kabisa, akafa njiani. Historia yote inayofuata ni ya mambo haya mawili, upesi na ujuzi, na jinsi yalivyokawia kukutana.

Machela hayo yalipewa kazi ya kikatili katika vita vya 1914 hadi 1918. Waafrika wa nchi hizi walichukuliwa kwa wingi kuwa wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, jina ambalo watu wa Nairobi waliligeuza kuwa Kariokor na wa Dar es Salaam kuwa Kariakoo. Walikwenda mbele na risasi na chakula, wakarudi nyuma na majeruhi. Makumi ya maelfu yao hawakurudi kabisa, nao waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Katika Uganda, mwaka 1917, iliundwa African Native Medical Corps, kikosi cha vijana waliosoma shule za misheni, ambao walifundishwa kufunga vidonda na kutunza wagonjwa wakapelekwa vitani. Hapo bega la kubeba na mkono wenye ujuzi vilikuwa vya mtu mmoja. Vita vilipokwisha, watu wa namna hiyo walibaki wachache, nao waliwekwa hospitalini kuwa madresa. Njiani na vijijini hawakuonekana.

Vyama viwili vikubwa vya kujitolea tunavyovijua katika Kenya vina asili yake Ulaya, na yafaa kujua vilivyoanza. Tarehe 24 Juni 1859 kulipiganwa vita vikubwa huko Solferino, kaskazini ya Italia. Mfanyi biashara wa Geneva, Henry Dunant, alikuwa amesafiri huko kwa shughuli zake mwenyewe, maana alitaka kuonana na Napoleon wa Tatu, mtawala wa Ufaransa; akakuta maelfu ya majeruhi wamejazana katika mji mdogo wa Castiglione, makanisani na barabarani, na wa kuwauguza hawatoshi. Dunant hakuwa daktari. Alikusanya wanawake wa mji ule, wakaosha vidonda na kunywesha watu maji bila kuuliza huyu ni wa jeshi gani. Mwaka 1862 alitoa kitabu juu ya mambo aliyoyaona, akashauri kwamba kila nchi itayarishe watu wa kujitolea wakati wa amani, wasingojee mpaka damu imwagike. Mwaka uliofuata Msalaba Mwekundu ukaanza. Katika Uingereza nako, mwaka 1877, iliundwa St. John Ambulance Association, ambayo ilifundisha huduma ya kwanza kwa polisi, watu wa reli na wachimba makaa, kwa sababu ajali zilikuwa nyingi kazini na daktari alikuwa mbali. Miaka kumi baadaye, 1887, likaja jeshi lake la watu wenye sare, ambao husimama tayari penye makutano makubwa. Wazo lao lilikuwa dogo lakini la maana sana: kwamba ujuzi wa dakika kumi za kwanza si siri ya daktari, bali waweza kufundishwa mchimba makaa akautumia.

St. John Ambulance ilianza kazi katika Kenya mwaka 1928. Msalaba Mwekundu ulifika mwaka 1939 kama tawi la ule wa Uingereza, ukabaki hivyo mpaka nchi ilipokwisha kupata Uhuru. Ndipo, mwezi wa Desemba 1965, ikawapo sheria ya Bunge ya kuunda Kenya Red Cross Society. Si siri kwamba katika miaka ya ukoloni uongozi wa Msalaba Mwekundu ulikuwa mikononi mwa Wazungu. Mji wenyewe uligawanywa kwa rangi, na hospitali kadhalika: Mwafrika wa Nairobi aliyegongwa na motakaa alipelekwa katika hospitali iliyoanza mwaka 1901 kwa jina la Native Civil Hospital, ikaitwa King George VI mwaka 1952, na baada ya Uhuru ikawa Hospitali ya Kenyatta. Hatuandiki hayo ili kufufua uchungu. Twayaandika kwa sababu huduma ya dharura huonyesha upesi kuliko jambo lo lote ni maisha ya nani yanayohesabiwa, na mazoea ya kuweka gari la wagonjwa penye lami hayakuondoka siku bendera ilipobadilishwa.

Kwa watu wa mbali na mji, jambo kubwa la miaka ile lilitoka angani. Katika miaka ya 1950 matabibu watatu wa upasuaji, Michael Wood na Archibald McIndoe na Tom Rees, walikutana chini ya Kilimanjaro wakafikiri jinsi ya kuwapelekea tiba watu waliokaa mwendo wa siku nyingi kutoka kwa daktari. McIndoe alikuwa amepata sifa katika vita vya pili kwa kutengeneza nyuso za wanahewa walioungua. Shauri lao lilikuwa kutumia ndege ndogo na simu ya upepo, hata daktari wa misheni au mwuguzi wa zahanati aliye peke yake nyikani aweze kuita Nairobi na kujibiwa. Ndio mwanzo wa madaktari wa ndege, na wa shirika ambalo sasa laitwa Amref. Watu hupenda kuisifu ndege, nayo yastahili sifa. Lakini kwa maoni yangu simu ya upepo ilikuwa na thamani kubwa zaidi. Ndege yaweza kumchukua mgonjwa mmoja, lakini simu huuchukua ujuzi wa mji mpaka kwa mtu aliyekwisha fika penye msiba.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mtu anayeandika juu ya uokoaji katika Kenya hana budi kukitaja. Mwezi wa Septemba 1970 madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na kilele cha Batian katika Mlima Kenya, kilele chenye urefu wa mita 5,199, wakati jiwe liliponyofoka na Judmaier akaanguka akavunjika mguu vibaya sana. Oelz alishuka kutafuta msaada. Waliopanda ni watu wa Mountain Club of Kenya, watu wa kujitolea, wenye kazi zao za siku zote mjini, ambao hawakuwa wamepata kumshusha mtu kutoka mahali kama pale wala hawakuwa na vifaa vya kutosha. Walimfikia, wakamtunza, wakajaribu siku baada ya siku kumteremsha katika barafu na majabali. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alijaribu kufika kwa helikopta. Helikopta ikaanguka naye akafa. Mwishowe kikosi cha waokoaji wa milima kilisafirishwa kwa ndege kutoka Austria, watu waliofanya kazi hiyo tangu ujana, nao wakamshusha. Zaidi ya wiki moja ilikuwa imepita. Judmaier aliishi.

Wako watakaouliza, Je, angalikuwa mchunga mbuzi wa Nyeri, angaliletewa kikosi kutoka ng'ambo? Swali ni la haki na jibu twalijua. Lakini kisa hicho kina fundisho lingine pia, nalo lahusu kazi yenyewe. Wale wa kujitolea hawakushindwa kwa woga wala kwa uvivu. Walimweka mtu hai kwa siku nyingi mahali ambapo angalikufa usiku wa kwanza. Na wale mafundi wa Austria, pamoja na ustadi wao wote, wasingalikuta mtu wa kumshusha kama wa kujitolea hawangalitangulia. Baada ya hayo mlima ule ulipata kikosi chake cha waokoaji katika askari wa mbuga, vijana wa nchi hii waliofundishwa kupanda mwamba kwa kamba.

Barabarani, relini na majini mambo yalikawia zaidi. Mwishoni mwa Januari 1993 treni ya abiria katika njia ya Mombasa na Nairobi ilitumbukia mtoni mahali paitwapo Ngai Ndethya, daraja likiwa limechukuliwa na mafuriko, wakafa watu zaidi ya 100. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, huko Mombasa, ilipinduka ikiwa imejaa kupita kiasi, wakafa zaidi ya 250, karibu na pwani kabisa. Kisha mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikata barabara na madaraja nchi nzima, na kwa ajili hiyo serikali, mwezi wa Januari 1998, ikafungua ofisi ya kuongoza mambo ya maafa, National Disaster Operations Centre. Ofisi hiyo ilikuwa haijatimiza mwaka ilipojaribiwa.

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, baada ya saa nne na nusu asubuhi, wauaji walifikisha lori lenye bomu nyuma ya ubalozi wa Marekani, penye njia panda ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Kwanza walirusha gruneti. Watu waliokuwa katika maofisi ya jirani, makarani kama mimi na wengi wenu, waliposikia kishindo hicho waliinuka wakaenda madirishani kutazama. Ndipo bomu lenyewe likalipuka, na vioo vikawaingia machoni. Kwa sababu hiyo wengi sana walipofuka siku ile. Ufundi House, jumba lililokuwa ubavuni mwa ubalozi, lilianguka lote na watu wakiwamo. Katika Nairobi waliokufa ni 213, na kati yao Wamarekani walikuwa 12. Waliojeruhiwa walikuwa maelfu.

Nani alifika kwanza? Si gari la zimamoto, ingawa stesheni ya Tom Mboya Street haiko mbali, wala si gari la wagonjwa. Aliyefika kwanza alikuwa mpita njia. Walikuwa makanga na wachuuzi, watu waliotoka benki na watu waliotoka kituo cha mabasi, wakapanda juu ya kifusi kinachofuka moshi, wakafukua kwa mikono. Matatu zilishusha abiria zikapakia majeruhi. Wenye magari yao walitandika viti kwa makoti. Kabla mtu ye yote hajatoa amri, mamia walikuwa wamekwisha pelekwa Hospitali ya Kenyatta. Watu wa St. John na wa Msalaba Mwekundu walikuja, wakakuta kazi imeanza.

Hayo ni ya kujivunia, nasi twajivunia. Lakini historia si tenzi za sifa, na waliokuwa na ujuzi waliona mambo mengine pia. Hapakuwa na mtu mmoja wa kuongoza. Kifusi kilikanyagwa na umati mkubwa, na juu ya kelele zake haikuwa rahisi kusikia sauti ya aliye chini. Majeruhi walivutwa mikono na miguu bila kuangaliwa uti wa mgongo. Wengi mno walipelekwa hospitali ile moja, wenye mikwaruzo pamoja na wenye kukata roho, hata madaktari wakazidiwa. Waokoaji wenye vifaa vya kusikiliza chini ya zege na mbwa waliofundishwa walitoka Israeli, wakafuatwa na wa Ufaransa na Marekani. Kwa muda wa siku kadhaa nchi yote ilifuata kwa redio habari za waliokuwa bado wakisikika chini ya Ufundi House. Upesi ulikuwa wetu, na ujuzi ulikuja kwa ndege. Mahali pale sasa ni bustani ya ukumbusho, iliyofunguliwa mwaka 2001, na majina yameandikwa ukutani.

Mtu angedhani kwamba baada ya msiba huo kila kitu kilitengenezwa. Namba ya simu ya 999, ambayo ndiyo yowe la mjini, ilikuwa haifanyi kazi kwa muda wa miaka kama 15, mpaka ilipofufuliwa mwezi wa Novemba 2013. Katika muda huo nchi ilipatwa na mengi. Juma moja la Januari 2009 latosha kuwa mfano. Siku ya Jumatano tarehe 28 duka kubwa la Nakumatt Downtown liliungua katikati ya Nairobi, watu zaidi ya 20 wakateketea ndani. Jumamosi tarehe 31, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka. Wanakijiji wakatoka na madebe kuchota, na moto uliposhika uliua zaidi ya watu 110. Msiba wa kwanza ulikuwa wa mji na wa pili wa shamba. Katika wa kwanza watu walilalamika juu ya maji, vifaa na ukawiaji. Katika wa pili wale waliokuwa karibu, ambao kwa desturi ndio waokoaji, ndio waliokuwa wakiteketea. Mwaka 2011, tarehe 12 Septemba, jambo hilo hilo likatokea tena mjini, katika kijiji cha Sinai, penye bomba la mafuta lililovuja. Haifai kuwatukana wafu kwa umaskini wao. Yafaa kusema tu kwamba kukimbilia mahali pa ajali si wema kila wakati, na ya kuwa mtu mmoja mwenye sauti na maarifa, kama angalikuwapo kuwarudisha watu nyuma, angaliokoa wengi kuliko gari lo lote la zimamoto.

Hata hivyo kazi ilikuwa ikisonga mbele. Mwaka 2010 Msalaba Mwekundu wa Kenya uliunda idara ya magari ya wagonjwa yenye watu wa kuajiriwa, E-Plus, ambayo baadaye kaunti kadhaa ziliiajiri kuwafanyia kazi hiyo. Msiba wa Westgate ulipotokea, tarehe 21 Septemba 2013, wakauawa watu 67, walioingia kwanza kutoa watu walikuwa polisi wachache wasio na sare pamoja na raia wenye bunduki za halali, na watu wa Msalaba Mwekundu walichukua majeruhi risasi zikisikika. Tena watu walipiga foleni ndefu Uhuru Park ili kutoa damu. Tarehe 29 Aprili 2016 usiku, mvua ikinyesha, jumba la orofa sita lilianguka Huruma. Kama desturi, majirani walianza kwa mikono. Lakini safari hii wenye ujuzi walikuwa wa hapa hapa: Msalaba Mwekundu, jeshi, na vijana wa National Youth Service. Karibu siku nne baadaye mtoto mchanga alitolewa mzima, na katika siku ya sita wakatolewa watu wanne wakiwa hai, mmoja wao mama mjamzito. Watu wapatao 50 walikufa. Ukilinganisha na 1998 utaona kwamba wa kujitolea na wa kuajiriwa walikuwa wamejifunza kukaa kimya pamoja, kusikiliza.

Majini bado. Mwaka 2019, mwisho wa Septemba, motakaa iliteleza kutoka feri ya Likoni ikazama, mama na mtoto wake wamo ndani. Ilipita karibu wiki mbili kabla haijatolewa, na mume akingoja pwani. Wapiga mbizi wa kujitolea walijitokeza, wa serikali wakajaribu, na wa kukodiwa wakaletwa. Nchi yenye bandari kubwa kama ile haikuwa na vifaa vya kushuka kina kile upesi.

Yako pia mambo ya sheria, nayo wanachama wayajue maana ni haki yao. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Na Sheria ya Afya ya 2017 imelikaza neno hilo. Katiba iyo hiyo imezipa kaunti kazi ya magari ya wagonjwa na ya zimamoto. Mwaka 2023 sheria ya bima mpya ya afya iliunda mfuko wa kulipia dharura, kusudi hospitali isiwe na sababu ya kudai rehani kwanza. Haya yameandikwa vizuri sana. Lakini katika mwezi wa Oktoba 2015, Katiba ikiwa na umri wa miaka mitano, kijana mmoja aliyegongwa na gari Nairobi alikaa ndani ya gari la wagonjwa kwa muda wa saa 18, akizungushwa kutafuta kitanda cha wagonjwa mahututi, kisha akafa. Watu wa gari lile hawakumwacha. Walikuwa na ujuzi, na walikuwa wamefika kwa wakati. Mlango ndio uliokosekana.

Nataja kisa hicho kwa sababu yako maneno yanayopendwa na wakubwa wakati wa hotuba, kwamba wananchi wetu wana moyo wa kujitolea. Ni kweli wanao. Lakini moyo wa kujitolea hutajwa mara nyingi pale ambapo bajeti imekosekana, na kijana wa Msalaba Mwekundu aliyekesha katika mafuriko hapewi hata nauli ya kurudi kwake. Kujitolea si jina lingine la kazi isiyolipwa ya serikali. Wale wanawake wa Castiglione walifanya kazi ile kwa sababu wauguzi wa majeshi hawakutosha, na Dunant hakusema basi wauguzi wapunguzwe.

Vijijini kwetu nako, machela yamekwisha. Siku hizi mgonjwa hupakiwa katika bodaboda, katikati ya dereva na ndugu anayemshika. Kwa mama mwenye uchungu pikipiki hiyo huwahi kuliko gari lo lote. Kwa mtu aliyevunjika nyonga au uti wa mgongo ni hatari kubwa. Dereva huyo ndiye mwokoaji wa kwanza wa miaka hii, apende asipende, na hajafundishwa neno. Tena huogopa: akimfikisha majeruhi hospitali ataulizwa ni nani aliyemgonga, naye aweza kuzuiliwa mpaka jioni akapoteza riziki ya siku. Wengine, na hatuwezi kuwaficha, hufika penye ajali wakapekua mifuko kabla ya kutafuta mshipa. Wazee wa zamani walikuwa na adhabu kwa mtu wa namna hiyo.

Kwa hayo yote kamati imeazimu kuleta mbele ya mkutano mkuu ombi moja. Nalo ni kwamba chama kitoe ada ya mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watu kumi na wawili, sita wa mjini na sita wa nyumbani, na kati ya wale wa nyumbani wanne wawe madereva wa bodaboda wa soko letu, hata kama si wanachama. Kadhalika zinunuliwe machela mbili za kukunja na sanduku moja la bandeji, vikae dukani karibu na barabara kuu na si nyumbani kwa mwenyekiti. Bei zake zimeonyeshwa katika ukurasa wa makadirio. Wazee wanaombwa kuleta majina ya vijana wanaofaa kwa katibu kabla ya siku ya mkutano, na kila jina liandikwe pamoja na namba ya simu, maana huyo ndiye tutakayempigia usiku.